Somo: Kuunda bodi ya mashine ya pinboli isiyojiunguza umeme ukirudi

Assalamu alaykum. Tangu nilipoweka picha ya mashine yetu, kila mtu anauliza habari za ile bodi ya saketi iliyo chini ya meza, inayoendesha koili zake. Badala ya kujibu mmoja mmoja, nakuwekeeni somo zima hapa. Anayejua kushika pasi ya kuchomelea na kusoma mita atanifuata bila taabu.

Kwa asiyeijua pinboli: ni meza iliyoinama kama nyuzi 6.5. Goroli ya chuma ya milimita 27, uzito wa gramu 80 hivi, inateremka, na wewe unaizuia isitumbukie kwa vibao viwili vinavyopigwa na koili za sumaku. Vibao hivyo vilianza 1947 kwa mashine ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo mchezaji aliifyatua goroli, kisha akabaki kuiangalia na kuomba dua. Jiji la New York liliihesabu kuwa kamari, likaipiga marufuku kuanzia 1942 hadi 1976. Sisi vibao tumeviita mapezi, na koili za pembeni zinazoitupa goroli kwa hasira tumeziita manati. Majina hayo nitayatumia mpaka mwisho.

Bodi yangu ya kwanza iliungua. Nilikuwa nimeiunganisha kwa waya juu ya ubao wa vitundu, na ilifanya kazi siku tatu vizuri sana. Usiku wa nne umeme ukakatika, tukaacha swichi ya ukutani imewashwa, tukatoka barazani. Uliporudi nikasikia "tak!" moja kutoka chumbani, halafu kimya. Harufu ya vanishi inayoungua ilinifikia kabla sijauona moshi. Koili ya pezi la kushoto ilikuwa imevuta na haikuachia, bomba lake la plastiki limeyeyuka na kuung'ang'ania mchi wa chuma unaovutwa ndani yake. Mpwa wangu akaniuliza, "Ami, nani kabonyeza?" Hakuna aliyebonyeza. Kosa lilikuwa langu, na karibu nusu ya somo hili ni namna ya kulikwepa.

Hatua ya 1: Ijue koili yako kabla ya kufungua kompyuta

Zangu nilimpelekea fundi anayesuka mota, waya wa shaba wa milimita 0.5, mizunguko 600. Pima kwa mita. Mimi nilipata omu 4. Kwa volti 24 hiyo ni ampea 6, yaani wati 144 ndani ya kitu cha ukubwa wa rili ya uzi. Kwa milisekunde 30 haina tabu. Kwa dakika moja ni jiko.

Basi pezi linahitaji mambo mawili: pigo la nguvu la kulirusha, kisha nguvu ndogo ya kulishikilia juu mchezaji asipoachia kitufe. Mashine nyingi za kiwandani hutumia koili yenye misuko miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Sisi wenye msuko mmoja tunatumia mapigo ya haraka: Arduino (kompyuta ndogo ya kuamrisha vifaa) inawasha na kuzima mosfeti (swichi ya kielektroniki) mamia ya mara kwa sekunde, ikiwashwa asilimia 15 tu ya muda. Koili inaona wastani wa volti 3.6, ampea 0.9, wati 3 na kidogo. Inapata uvuguvugu, basi.

Hatua ya 2: Chora saketi ya koili moja, uielewe, ndipo uirudie

Natumia KiCad, programu ya kuchorea saketi na bodi. Ni ya bure, na aliyeianzisha ni Jean-Pierre Charras huko Ufaransa mwaka 1992. Inafanya kazi hata kwenye laptopu kuukuu.

Mguu mmoja wa koili unakwenda kwenye volti 24 kupitia fyuzi. Mosfeti ina miguu mitatu: umeme unapita kati ya dreni na sosi, na geti ndiyo inayoamrisha. Mguu wa pili wa koili unakwenda kwenye dreni, na sosi inakwenda hasi. Mosfeti ninayoipenda ni IRL540N, inayohimili volti 100. Iangalie hiyo herufi L. IRF540 inafanana nayo kwa sura, lakini volti 5 za Arduino haziifungui sawasawa. Inafunguka nusu, inapata moto, inakufa na kukuachia koili imewaka. IRFZ44N, ambayo kila duka linayo, ina tabia hiyo hiyo. Muuzaji akikwambia "zote moja hizo", mshukuru, uondoke.

Sambamba na koili weka dayodi 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, mstari wake ukiangalia upande wa volti 24. Koili inapozimwa hurudisha teke la volti nyingi kinyumenyume. Dayodi ndiyo inayolimeza. Ukiigeuza, umepiga shoti kupitia mosfeti.

Kwenye geti weka rezista ya omu 220 kutoka kwenye Arduino au chipu inayoiamrisha, na rezista ya kilo-omu 10 (kwa kifupi kilo 10) kutoka geti hadi hasi. Hiyo ya kilo 10 ni ya senti chache, na ndiyo niliyoiacha kwenye ile bodi ya kwanza. Bila hiyo, wakati Arduino inaamka na miguu yake haijaamuliwa, geti inaelea na mosfeti inajiamulia yenyewe.

Fyuzi iwe ya ampea 2, aina inayochelewa, moja kwa kila pezi. Pigo la ampea 6 la milisekunde 30 halitaigusa, ila koili ikikwama imewaka fyuzi itakatika ndani ya sekunde chache. Usiweke ya ampea 10 kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani.

Hatua ya 3: Chipu ya 74HC595, hapa tulie kidogo

Mapezi mawili nimeyapa miguu ya Arduino yangu, aina ya Mega, moja kwa moja. Koili za manati, za bampa (vile vigingi vinavyoirusha goroli ikivigusa) na ya kurudisha goroli, jumla nane, zinaendeshwa na 74HC595, chipu inayopokea taarifa moja moja kwa mguu mmoja na kuzitoa nane kwa pamoja. Inaokoa waya nyingi.

Ila ina siri. Umeme unapoingia, matoleo yake nane yanaamka na chochote. Leo yote sifuri, kesho tatu ziko juu. Katika bodi ya kwanza hata mapezi yalipitia humo, kwa hiyo umeme uliporudi chipu ikaamka na pezi la kushoto limewashwa, na Arduino yangu, kwa programu niliyoiandika vibaya, ikakaa inasubiri skrini ambayo haikuwa imejibu.

Dawa iko kwenye mguu wa 13. Mguu huo ukiwa juu, matoleo yote yanajitoa, kama hayapo. Basi ufunge kwa rezista ya kilo 10 kwenda volti 5, na pia kwenye mguu mmoja wa Arduino. Umeme ukiingia, rezista inaushika juu, chipu iko kimya, na zile kilo 10 za kwenye geti zinazivuta mosfeti zote chini. Arduino ikishaamka, inaandika sifuri nane, ndipo inaushusha mguu wa 13. Yaani rezista zinailinda mashine kabla programu haijaamka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Jaribu hivi: taa ndogo ya LED badala ya koili, kisha chomoa na chomeka plagi mara ishirini kwa haraka, kama siku ile umeme unapocheza. Ikimweka hata mara moja, kuna rezista umeisahau.

Hatua ya 4: Swichi

Hapa nitapita haraka. Una swichi chini ya 24? Achana na mpangilio wa safu na nguzo, ule wa swichi kushirikiana waya, tumia chipu tatu za 74HC165, kila moja inasoma swichi nane, kila swichi na rezista yake ya kilo 10 kwenda volti 5 na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda hasi. Vitufe vya mapezi vipeleke Arduino moja kwa moja. Mchezaji anahisi kuchelewa hata kama hawezi kukuambia ni nini.

Hatua ya 5: Kupanga njia za shaba

Shaba ya kawaida ina unene wa maikromita 35. Kwa unene huo, ampea 1 inataka njia ya milimita 0.3, ampea 3 inataka 1.4, na ampea 6 inataka 3.6. Sisi tunapeleka ampea 6 kwa mapigo mafupi tu, lakini shaba haina bei ya ziada: jaza eneo zima.

Kubwa zaidi ni hasi. Hasi ya koili na hasi ya Arduino zisitumie njia moja. Kila moja iende peke yake, zikutane mahali pamoja tu, kwenye kapasita kubwa ya mahali umeme unapoingilia (nimeweka maikrofaradi 4700, volti 50). Zikichanganyika, kila pezi linapopiga hasi ya Arduino inaruka, na utaona alama zinajiongeza bila goroli kugusa kitu. Mpwa wangu alizipenda sana alama hizo.

Kisha chapisha bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, utoboe karatasi, uvichomeke vipande vyako humo. Nimegundua hivyo kwamba temino zangu za skrubu (za kufungia waya) zilikuwa na nafasi ya milimita 5.08 na mimi nimechora 3.5. Karatasi inatupwa tu.

Hatua ya 6: Kuila shaba

Unaweza kupeleka faili za Gerber (michoro ya bodi inayosomwa na kiwanda) kiwandani China na kungoja. Mimi sina subira: printa ya leza, karatasi ya gazeti inayong'aa, na pasi ya nguo inayouhamisha wino kwenye shaba. Kwenye mchoro, andika herufi yoyote upande wa shaba. Kwenye karatasi lazima isomeke kinyume, ili kwenye bodi isomeke sawa. Kisha feriki kloraidi ya uvuguvugu, dawa inayoila shaba isiyofunikwa na wino, unatikisa taratibu, dakika kama 15. Vaa glavu na ukae penye hewa.

Jambo moja kwa msisitizo. Maji tunayokunywa Unguja yanatoka chini ya mawe haya haya ya matumbawe, na mawe hayazuii kitu. Dawa iliyotumika ina shaba ndani yake. Usiimwage shimoni. Itie magadi kidogo kidogo mpaka iache kutoa povu, iache itulie, na lile tope lililobaki lichanganye na saruji.

Ukishachomelea, safisha kwa spiriti na piga vanishi isiyo na rangi, isipokuwa kwenye temino. Bila vanishi, hewa yetu ya chumvi itaiotesha bodi yako kutu ya kijani kabla ya mwaka kwisha.

Hatua ya 7: Kuwasha mara ya kwanza

Usiwashe moja kwa moja. Chukua globu ya lori ya volti 24, wati 21, uifunge katikati ya pawasapulai na bodi. Kama kuna shoti globu inawaka na kila kitu kinapona. Isipowaka, pima volti 5, kisha geti moja moja: zote ziwe sifuri. Hapo ndipo unaitoa globu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Wete:* Fundi, badala ya Arduino mimi nina ESP32 tu. Itafaa?
Inafaa, lakini inatoa volti 3.3. Hiyo haitoshi kuifungua IRL540N vizuri, na 74HC595 iliyolishwa volti 5 haina uhakika wa kuisoma. Tafuta 74HCT595, herufi T ndiyo muhimu. Hiyo inasoma 3.3 na kutoa 5. Mapezi nayo yapitishe kwenye chipu ya 74HCT nyingine, si moja kwa moja.

*Kutoka Jang'ombe:* Shekhe, naweza kuzifunga mosfeti zote kwenye bati moja la kupoozea?
Bati la nini, yakhe? Kwa mapigo haya hazipati moto. Na mgongo wa mosfeti ndio dreni. Ukizifunga pamoja bila maika (kipande kisichopitisha umeme), umeziunganisha koili zako zote. Ukipiga pezi moja, mashine nzima inapiga.

*Kutoka Chake Chake:* Nimefuata yote, ila pezi likishikiliwa linapiga kelele kama mbu.
Hayo ni mapigo unayoyasikia. Sogeza kasi yake juu ya 20,000 kwa sekunde, sikio halitasikia. Kwenye Mega itabidi ubadilishe mpangilio wa taima, na punguza ile omu 220 iwe 100 ili mosfeti ifunge na kufungua upesi. Dayodi 1N4007 nayo ni nzito kwa kasi hiyo, weka ya haraka kama UF4007.

*Kutoka Mkunazini, mwalimu wa skuli:* Wanafunzi wangu wataingiza mikono. Volti 24 zina hatari?
Umeme wenyewe si sana kwa mkono mkavu, Maalim. Hatari ni mchi na mapezi, yanabana vidole. Weka swichi kwenye mlango wa chini inayokata volti 24 mlango ukifunguliwa, na kuacha volti 5 ziendelee. Mashine za kiwandani nyingi zinafanya hivyo. Na upande wa ukutani, kabla ya pawasapulai, ufunikwe kabisa, asiufikie mtoto.

*Kutoka Kikwajuni:* Goroli umeitoa wapi?
Nilijaribu ya beringi ya lori, ikawa ndogo, mapezi yakawa yanaipiga pembeni. Ya sasa ni ya pinboli hasa, nimeagiza mbili. Moja imeshapotea chini ya kabati la bibi, tunaingoja siku atakayotaka kulisogeza.