Somo: Godoro la mtu mwenye mwili anayelala ubavu

Ingia duka lolote la magodoro hapa Dodoma, iwe Majengo au Sabasaba, useme una kilo mia na ushee. Muuzaji atakujibu kabla hujamaliza: chukua gumu. Ushauri huo unawaumiza watu mabega kila usiku, hasa wanaolala ubavu. Mimi natengeneza vitanda, na wateja hunirudia wakidhani kitanda ndicho kibaya. Mara nyingi kitanda kizima, godoro ndilo halikumfaa mlalaji.

Ukilala chali, uzito wako unatawanyika mgongoni, makalioni na miguuni. Ukigeuka ubavu, karibu wote unahamia sehemu mbili: bega na nyonga. Mtu wa kilo 60 hilo halimsumbui sana. Mtu wa kilo 110 bega lake linadai nafasi ya kuzama kidogo, na kiuno, kwa sababu kimeingia ndani, kinadai kitu cha kukishika kisining'inie. Godoro gumu kupita kiasi linalikatalia bega nafasi hiyo, mkono unakufa ganzi, nawe unageukageuka hadi alfajiri. Godoro laini kupita kiasi linaimeza nyonga, uti wa mgongo unapinda, unaamka na kiuno. Kwa hiyo tunatafuta godoro la tabaka mbili: chini sponji nzito au springi imara inayobeba, juu yake tabaka laini la inchi 2 hadi 3 linalopokea bega.

Hatua ya kwanza: kagua kitanda kabla ya kutoa hela

Inua godoro lililopo utazame chaga. Zikiwa zimeachana sana, godoro jipya, hata la bei gani, litaanza kupenya katikati ya mbao na kukatika kwa chini. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi upana wa vidole vinne, kama sentimita 7. Kitanda cha futi 5 kwa 6 au 6 kwa 6 lazima kiwe na boriti ya katikati, na boriti hiyo iwe na mguu unaogusa sakafu. Vitanda vingi vinavyouzwa tayari barabarani havina mguu huo, kwa sababu hauonekani na mteja haulizi. Uliza. Kuongeza chaga nne na mguu mmoja ni kazi ndogo kwa fundi yeyote wa mtaani kwako.

Hatua ya pili: unene

Inchi 6 liache, hata likiwa zuri. Ukilala ubavu linabonyea lote na nyonga inafika kwenye mbao. Anzia inchi 8. Ukiwa na zaidi ya kilo 100 chukua 10, na ukizidi 120, inchi 12 si anasa.

Hatua ya tatu: densiti, na namna ya kuipima mwenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Densiti ni kilo za sponji zilizomo katika mita moja ya ujazo. Haihusiani moja kwa moja na ugumu: kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nyepesi iliyo ngumu, na nyingine nzito iliyo laini. Ukibonyeza kwa kiganja unapima ugumu wa juu tu. Sponji nyepesi yenye ugumu inakufurahisha dukani, kisha baada ya miezi inafanya shimo pale nyonga inapokaa. Kwa mwenye mwili, sponji ya chini isishuke kilo 30 kwa mita ya ujazo. Ukizidi kilo 110, tafuta 35 au 40.

Muuzaji akikwambia "hili ni zito, la densiti kubwa", usibishane naye. Omba mzani. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8, lina ujazo wa takriban mita 0.57. Kama kweli sponji yake ni ya 30, litakuwa na kilo 17 hivi. Likija kilo 10, hiyo ni sponji ya 18, ya kulalia mtoto. La 6 kwa 6, inchi 10, ni mita 0.85: kwa densiti ya 30 tegemea kilo 25 na nusu, kwa ya 18 utapata kilo 15. Hakuna mzani dukani? Duka la nafaka la jirani halikosi. Au panda mzani wa kawaida wa kupimia watu ukiwa umelibeba, kisha panda bila godoro, utoe.

Tahadhari moja. Uzito unaweza kudanganya kwa njia mbili. Kuna magodoro ya mabaki ya sponji yaliyosagwa na kugandamizwa kwa gundi. Ni mazito sana na magumu sana. Ukifungua zipu ya kitambaa utaona vipande vya rangi mchanganyiko. Hayo si mabaya kama tabaka la chini, ila kuyalalia ubavu peke yake ni kama kulala sakafuni. Njia ya pili ni sponji iliyochanganywa na unga wa chokaa kiwandani ili iongeze kilo. Sponji ya namna hiyo huchanika kirahisi na haina mnepo wa kurudi haraka ukiibonyeza na kuiachia. Ndiyo maana napenda godoro lenye zipu, na lenye alama ya TBS, shirika la viwango. Muuzaji anayekataa usifungue zipu, mshukuru uende duka la pili.

Hatua ya nne: lilalie

Usikae ukingoni ukainuka. Lala ubavu unaoupenda, robo saa nzima, na mto wako uende nao. Najua dada zangu wengi wanaona haya kulala dukani mbele za watu. Nendeni wawili, asubuhi ya siku ya kazi duka likiwa tulivu, ukiwa umevaa suruali. Mwenzako asimame nyuma yako akupige picha kwa simu: kuanzia shingoni hadi mwisho wa uti wa mgongo, mstari uwe umenyooka. Kisha apitishe kiganja kati ya kiuno chako na godoro. Kikipita kwa urahisi na nafasi ikabaki, ni gumu mno kwako. Kisipoingia kabisa, umezama.

Hatua ya tano: mto

Mto ujaze nafasi yote kati ya sikio na godoro, na wenye mabega mapana wanahitaji mto mnene. Mto mwingine weka katikati ya magoti, ili goti la juu lisivute nyonga.

Hatua ya sita: ukifika nyumbani

Toa nailoni. Tunaiacha ili godoro lisichafuke kwa vumbi la hapa, lakini nailoni inafungia jasho na joto, na mwezi wa Oktoba na Novemba hutapata usingizi. Shona foronya ya godoro ya pamba, inafulika. Kila miezi mitatu zungusha, kichwani paende miguuni. La tabaka laini upande mmoja usiligeuze juu chini. Risiti ya EFD na kadi ya dhamana vitunze pamoja, maana bila hivyo hakuna madai.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Nkuhungu: Shikamoo fundi. Mimi nina kilo 98, mume wangu 64. Nikilala, yeye anateremka kuja upande wangu usiku kucha. Tununue gumu zaidi?

Marahaba dada. Gumu litakusaidia wewe kidogo na litamuumiza yeye. Kama kitanda chenu ni 6 kwa 6, nunueni magodoro mawili ya 3 kwa 6 yenye unene sawa, lako la densiti kubwa, lake la kawaida. Yafungeni kwa foronya moja kubwa. Mfereji wa katikati unazibika kwa blanketi jepesi lililokunjwa chini ya shuka. Kila mmoja atalala kwenye uzito wake.

Kijana wa Ihumwa: Kaka, nina godoro la mabaki, inchi 6, gumu hatari. Hela ya jipya sina kwa sasa.

Nenda kwa mafundi wa sofa, wanauza sponji ya kukata. Chukua laini ya inchi 2 au 3, ukubwa wa godoro lako, uilaze juu na kuifunga ndani ya foronya moja. Hilo gumu la chini ndilo litakubeba, kwa hiyo umepata tabaka mbili kwa gharama ndogo. Ila kwanza hakikisha halina shimo, maana sponji ya juu hufuata shimo la chini.

Mwanachama wa Kongwa: Mama yangu ana mwili, anakoroma sana, na wakati mwingine pumzi inakata halafu anashtuka. Godoro gani litamfaa?

Ndugu yangu, kabla ya godoro mpeleke hospitali, Benjamin Mkapa au General (hospitali ya rufaa ya mkoa), ueleze hivyohivyo ulivyoandika. Kulala ubavu kunapunguza kukoroma kwa watu wengi, lakini pumzi inayokatika usingizini ni jambo la daktari, na likiachwa linaumiza moyo na kupandisha presha. Akishapimwa, rudi hapa tumtafutie godoro.

Mama wa Kisasa: Memori fomu mnazionaje?

Hiyo ni sponji inayolainika kwa joto la mwili na kufuata umbo lako. Kwa bega ni nzuri, kama tabaka la juu tu. Hukakamaa kwenye baridi, na usiku wetu wa Juni na Julai utaisikia ngumu hadi mwili uipashe. Kwenye joto hulainika na kukuchemsha. Mimi ningekupa springi za mifuko chini, kila springi ndani ya kitambaa chake, na sponji laini juu, kwa sababu hewa inapita. Uliza unene wa waya: namba ya geji ikiwa ndogo, waya ni mnene. 13 inabeba vizuri kuliko 15.

Kaka wa Chang'ombe: Nitajuaje langu limekwisha? Lina miaka sita.

Toa shuka. Vuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya pale unapolala, ukiwa umekazwa. Chukua rula upime kutoka kwenye uzi hadi chini shimoni, bila mtu juu yake. Ukiona inchi moja na nusu au zaidi, limekwisha. Likiwa bado ndani ya muda wa dhamana, piga picha hiyo ya uzi na rula, uende nayo dukani pamoja na risiti.