Kuipangia Nmap chaguo-msingi zako, wakati yenyewe haina faili la mipangilio

Fundi anayeanza na Nmap, programu ya kuskani mitandao, siku moja lazima ataitafuta mipangilio yake. Ataingia /etc, hakuna kitu. Atatafuta nmap.conf, haipo. Mimi nilimaliza jioni nzima nikidhani nimesakinisha toleo bovu. Kumbe Nmap haina faili la namna hiyo. Unachotaka unakiandika pale pale kwenye mstari wa amri, na usichokitaja inakiamua yenyewe.

Inaamua hivi. Inaskani poti (milango ya mtandao ambayo huduma husikilizia) 1000 za TCP zilizo maarufu zaidi (si namba 1 hadi 1000, wengi hukosea hapo). Kasi inaweka T3, ngazi ya kawaida kati ya T0 na T5. Ukiwa na mamlaka ya root (mtumiaji mkuu wa Linux) inatumia skani ya SYN, inayobisha hodi bila kukamilisha muunganisho; usipokuwa nayo inafungua muunganisho kamili kwa kila poti. Kila kifaa inachokikuta hai inauliza jina lake kwenye DNS, huduma ya majina ya mtandao. Matokeo inayamwaga kwenye skrini bila kuyahifadhi popote.

Si maamuzi mabaya, ila hayakufanywa kwa ajili ya mtandao wako. Orodha ya poti maarufu ilitokana na skani kubwa ya intaneti aliyoifanya Gordon Lyon, mwenye Nmap, mwaka 2008. Mimi kazi zangu ni shule, maduka na nyumba za wageni: ruta ya MikroTik, swichi mbili tatu, DVR ya kamera, printa. Mtandao wa namna hiyo una poti zake.

Kabla hatujaanza: skani mtandao wako, au wa mteja aliyekuruhusu kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina yake ya 2018, na "nilikuwa najifunza tu" si utetezi. Amri zote hapa ni za Linux. Watu wa Windows nitawafikia chini.

Hatua ya 1: Angalia inachoskani sasa

Andika hivi, bila anwani yoyote:

nmap --top-ports 1000 -v -oG -

Haiskani kitu. Inakutajia tu poti 1000 ambazo ingeziskani. Zitafute zako humo. Nilipozitafuta zangu, 8291 ya WinBox (programu ya kusimamia MikroTik) niliikuta, lakini 8728, ambayo ni API ya MikroTik, yaani mlango wa programu nyingine kuiamrisha ruta, haimo. DVR za Dahua husikiliza 37777, nayo haimo. Zile DVR za bei poa zisizo na jina la maana hutumia 34567, haimo vilevile. Maana yake miezi yote niliyokuwa nikimwambia mteja "nimeskani, kuko salama", kamera zake sikuwa nimezigusa.

Hatua ya 2: Rekebisha orodha ya poti

Orodha yenyewe iko kwenye faili nmap-services. Usiguse ile ya mfumo, kwa sababu siku ukisasisha Nmap itafutwa na kuandikwa upya. Tengeneza nakala yako:

mkdir -p ~/.nmap
cp /usr/share/nmap/nmap-services ~/.nmap/

Ukiifungua utaona safu tatu: jina la huduma, poti na itifaki, kisha namba ya desimali. Hiyo desimali ndiyo umaarufu. Poti 80 ina 0.484143, na 443 ina 0.208669. Nmap inapanga kwa namba hiyo kutoka juu kwenda chini, inakata pale inapofika 1000. Basi ukitaka poti yako iingie, ipe namba kubwa. Kwanza angalia kama ina mstari tayari:

grep -wE '8728/tcp|37777/tcp|34567/tcp' ~/.nmap/nmap-services

Iliyopo, badilisha desimali yake tu. Isiyokuwepo, iongeze mwishoni mwa faili, na kati ya safu na safu bonyeza Tab:

mikrotik-api	8728/tcp	0.300000
dahua-dvr	37777/tcp	0.300000
dvr-bei-poa	34567/tcp	0.300000

Majina ni yako, hata Kiswahili linakubali, ili mradi usiache nafasi katikati. Nimeweka 0.3 ili zikae juu ya 443 na chini ya 80. Kwa hiyo hata nikitumia -F, inayoskani poti 100 tu, zitakuwemo. Sasa hakikisha:

nmap --top-ports 10 -v -oG -

Kwenye mstari wa poti za TCP unatakiwa uone 21-23,25,80,443,3389,8728,34567,37777. Ukiona 110, 139 na 445 bado zipo na zako hazimo, Nmap inasoma faili la zamani.

Na hapa kuna mtego ulionisumbua siku mbili. Ukiongeza sudo (inayoendesha amri kwa mamlaka ya root) mbele ya amri ile ile, poti zako zinatoweka. Nmap inatafuta folda ya .nmap nyumbani kwa anayeiendesha, na ukitumia sudo anayeiendesha ni root, ambaye nyumbani kwake ni /root. Ukijaribu kuielekeza kwa NMAPDIR, kigezo cha mazingira kinachoitajia Nmap folda, nayo kwa kawaida haipiti, sudo inaivua njiani. Dawa ni kuitajia folda waziwazi kwa --datadir, na tutaiweka kwenye hatua inayofuata. Mafaili mengine yasiyokuwemo kwenye folda yako itayachukua kule kwa kawaida, kwa hiyo usiyanakili.

Hatua ya 3: Fungasha chaguo zako kwenye jina moja

Fungua ~/.bashrc, uongeze hii mwishoni:

skani() {
  mkdir -p "$HOME/skani"
  sudo nmap --datadir "$HOME/.nmap" -n -T4 --max-retries 3 --open -oA "$HOME/skani/%Y%m%d-%H%M" "$@"
}

Hifadhi, kisha andika source ~/.bashrc. Kuanzia hapo unaandika skani 192.168.88.0/24 na mambo yote yamo. Nimeona watu wanaiita nmap hiyo hiyo, wakifunika jina la programu. Usifanye hivyo. Siku utakayohitaji tabia ya asili utakuwa umeshasahau kwamba uliibadilisha, na utabaki kuilaumu mashine.

-n inazuia Nmap kuuliza majina kwenye DNS. Kifurushi cha intaneti kikiisha katikati ya kazi, au DNS ya mteja ikiwa nzito, maswali hayo yanaisubirisha skani bila faida, maana vifaa vingi vya ndani havina jina huko.

-T4 inafaa kwa mtandao wa waya na kwa WiFi iliyo na hali nzuri. T5 iache. Kwenye ruta ndogo iliyozidiwa, T5 haisubiri jibu lililochelewa, hivyo poti iliyo wazi inaandikwa kana kwamba imezuiwa. Mwendo unaupata, ukweli unaukosa. --max-retries 3 inapunguza marudio, kwani T4 peke yake ingerudia mpaka mara 6.

--open inaonyesha zilizo wazi tu. Ubaya wake ni kwamba kifaa kisicho na poti wazi hakitajwi, kwa hiyo usiitumie skani kuhesabu vifaa. Kwa kuhesabu kuna sudo nmap -sn, na hiyo sudo usiiache: ukiwa na root, Nmap inauliza kwa ARP, swali la ndani ya mtandao ambalo kifaa hakiwezi kulikwepa kirahisi, na hata Windows iliyojifungia na kukataa ping itajibu. Bila root inagonga 80 na 443 peke yake. Kwenye maabara ya shule moja nilihesabu mashine 19 bila sudo, na 31 nilipoiweka.

-oA inahifadhi matokeo kwa aina tatu za faili kwa mpigo, na alama zile za asilimia zinageuka kuwa tarehe na saa. Mafaili yatakuwa mali ya root lakini utayasoma vizuri. Kuyafuta pia unaweza, maana folda ni yako; kuyahariri ndiko kutahitaji chown (kubadilisha mwenye faili) kwanza.

Hatua ya 4: Ambavyo sikuviweka, makusudi

-A sikuiweka. Inapakia utambuzi wa mfumo, matoleo na skripti kwa mpigo, na kwenye mtandao wa kazini saa nne asubuhi hiyo ni kelele tupu. -sV naiongeza kwa mkono ninapoihitaji: skani -sV 192.168.88.1.

Kuhusu -sV nina kisa. Kwa kawaida inaziruka poti 9100 mpaka 9107, na mimi nilidhani ni kasoro, nikaongeza --allports. Printa nyingi huchapa chochote kinachotumwa 9100. Dakika moja baadaye mhasibu wa ofisi niliyokuwemo alitoka ameshika karatasi nne, kila moja ina mstari mmoja ulioandikwa GET / HTTP/1.0, akauliza, "Fundi, hii ni risiti ya nini?" --allports usiiweke kwenye chaguo-msingi.

Kwa wenye Windows

Sakinisha Nmap pamoja na Npcap (inayoiwezesha kutuma na kunasa pakiti kwenye Windows), kisha fungua Zenmap, sura ya Nmap yenye madirisha. Ikiwa uliiacha zamani kwa sababu ilikuwa inagoma, toleo 7.94 la mwaka 2023 liliihamishia Python 3. Bonyeza Ctrl+P, upe profaili jina, bandika -n -T4 --max-retries 3 --open kwenye sehemu ya amri, hifadhi. Nakala ya nmap-services iweke kwenye AppData\Roaming\nmap ya akaunti yako. Huku hakuna mtego wa sudo.

Hatua ya 5: Linganisha

Kwa kuwa sasa kila skani inaacha faili la XML lenye tarehe, na chaguo ni zile zile kila mara, unaweza kulinganisha ya leo na ya mwezi uliopita kwa ndiff, zana ya Nmap ya kulinganisha skani mbili:

ndiff ~/skani/20250301-0910.xml ~/skani/20250401-0905.xml

Mstari wenye + umeongezeka, wenye - umetoweka. Kwa mteja mmoja nilikuta +23/tcp open telnet kwenye anwani ambayo mwezi uliotangulia ilikuwa na 80 tu. Nikafuata waya mpaka chumba cha stoo. Kijana wao alikuwa amechomeka ruta kuukuu nyuma ya friji, apate WiFi karibu na kitanda.