Kuifuata Njia ya Oregon kwa gari, kutoka Ogallala hadi South Pass

Kuanzia miaka ya 1840 hadi reli ya kuvuka bara la Marekani ilipokamilika mwaka 1869, mamia ya maelfu ya walowezi walielekea magharibi kwa magari ya maksai. Njia ya Oregon, waliyoifuata wengi wao, ina urefu wa takriban kilomita 3,200, lakini anayeanza namshauri achukue kipande cha Nebraska na Wyoming kwa siku tatu, kwani huko alama za safari ile bado zinaonekana ardhini.

Hatua ya 1: Chagua msimu na ujiandae. Safiri kati ya Juni na Septemba, kwa sababu South Pass, mpito wa milimani ambako safari itaishia, iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na theluji huchelewa kuisha. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, maana baada ya mji wa Casper mtandao hupotea kwa masafa marefu.

Hatua ya 2: Anzia Ogallala, ushike barabara namba 26. Barabara hii inaandamana na mto North Platte kama walowezi walivyoandamana nao, kwani maksai hawangeweza kuacha maji na malisho. Simama kwenye bonde la Ash Hollow, kisha ukipande kilima cha Windlass Hill kwa miguu. Kwenye mteremko huu magurudumu yalifungwa kwa minyororo, na watu wakayavuta magari kwa kamba kutoka nyuma yasiporomoke. Ukiondoka hapo, tazama kipima mwendo: kilomita 25 zinazofuata ni kazi ya siku nzima ya maksai.

Hatua ya 3: Pita Chimney Rock, mwamba uliosimama kama mnara, kisha Scotts Bluff, ambako kuna barabara ya kupanda hadi juu ya jabali. Usikae sana, mchana wako uuweke kwa Fort Laramie. Hapo palikuwa kituo cha biashara ya ngozi tangu 1834, jeshi likakinunua mwaka 1849, na ndipo ulipotiwa saini mkataba wa 1868 uliowaahidi Walakota, wenyeji wa asili wa nchi hizi, milima ya Black Hills, ahadi iliyovunjwa mara dhahabu ilipogunduliwa huko. Anayepita njia hii bila kukumbuka kwamba ilikatiza nchi za watu ameona nusu tu ya historia yake.

Hatua ya 4: Lala karibu na Guernsey, uamke mapema. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote. Kwa kuwa umbo la ardhi kando ya mto liliyalazimisha karibu magari yote kupanda mahali pamoja, magurudumu, kwato na viatu vililichimba jiwe la mchanga hadi likabaki na mifereji yenye kina cha mita 1.5 hivi. Nenda jua likiwa bado chini, kwa maana saa sita mchana vivuli hutoweka na mifereji huonekana kama mwamba wa kawaida. Vaa viatu vilivyofunika mguu. Kuna nyoka wenye njuga mkiani. Register Cliff, penye majina ya wasafiri yaliyochongwa, pako karibu, usiongeze lako.

Hatua ya 5: Jaza mafuta Casper, kisha ufuate barabara namba 220 hadi Independence Rock. Walowezi walikusudia kuufikia mwamba huu kabla ya tarehe 4 Julai, wakijua kwamba aliyechelewa angekutana na theluji milimani. Uzunguke kwa miguu, usome majina.

Hatua ya 6: Endelea kwa barabara namba 287, kisha namba 28. Usitarajie korongo jembamba kati ya milima: South Pass ni uwanda mpana wenye mwinuko wa taratibu, na ndiyo maana magari mazito yaliweza kuuvuka hapa mgongo wa bara, yaani mstari wa milima unaogawanya maji ya mashariki na ya magharibi. Magharibi kidogo kuna Pacific Springs, ambako maji huanza kuelekea upande wa Pasifiki. Njia ya kufika huko ni ya vumbi. Ikiwa mvua imenyesha au gari lako ni la chini, tosheka na kituo cha kutazamia kilichoko kando ya lami.