Paa la kuficha linapendeza, lakini muulize fundi maji yatapita wapi

Mnaojenga, neno moja kuhusu nyumba za paa la kuficha, hizi zinazozidi kuonekana kwenye mitaa mipya ya Dar es Salaam na Dodoma. Naelewa kabisa kwa nini zinapendwa: kuta zimenyooka, madirisha makubwa, bati halionekani, na hata nyumba ndogo inakuwa na heshima yake.

Lakini bati lipo. Limelala nyuma ya ukuta uliopandishwa juu kulificha, mara nyingi kwa mteremko mdogo, na maji ya mvua yanakusanyika kwenye gata la ndani, yaani mfereji wa kukusanya maji ya paa. Majani yakiziba bomba, maji yanarudi chini ya bati hadi kwenye dari. Kwa hiyo kabla ya kukubali ramani, dai mabomba ya kushushia maji yawe zaidi ya moja, tundu la dharura kwenye ukuta wa juu ili gata likijaa maji yamwagike nje, na njia ya mtu kupanda kusafisha kabla ya masika. Juu ya ukuta huo pawekwe kofia ya zege inayotokeza kidogo, la sivyo rangi itachafuka kwa michirizi myeusi.

Bajeti haibebi yote hayo? Chukua mgongo wa tembo, paa la kawaida la mteremko linaloonekana, wenye upenu mpana, angalau sentimita 60, unaokinga kuta na madirisha kwa mvua na jua. Ongeza baraza mbele, kama nyumba nyingi za Pwani. Mimi ningechagua hiyo.