Ganda la mzinga lisilo na alama: soma kitako kabla ya urefu

Katika pwani ya Kenya, kuanzia Ngomeni mpaka Shela, ganda nene la shaba la risasi likifukuliwa mchangani au likinaswa na jarife huitwa papo hapo risasi ya ndege. Chanzo kinaeleweka: mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege za Italia zilidondosha mabomu Malindi. Lakini ndege hizo zilibeba bunduki za rashasha za milimita 7.7 na 12.7, hazikuwa na mizinga ya milimita 20. Ukishika ganda la milimita 20, tafuta asili yake kwingine.

Kwanza hakikisha ni tupu. Ganda tupu lina mdomo wazi, ndani unaona mpaka chini, na fataki (kiwashio cha baruti) katikati ya kitako kwa kawaida ina kishimo cha pini. Hicho kishimo peke yake hakitoshi: risasi iliyogoma kulipuka nayo inacho. Mdomo ukiwa umejaa mchanga mgumu, usiuchokoe kwa msumari, kwa sababu huenda chini yake kuna baruti.

Kichwa, yaani sehemu inayorushwa, kikiwa bado kimekaa kwenye ganda, au ukikuta kichwa peke yake, usipime chochote. Usikiguse wala usikisogeze. Weka alama ukiwa mbali, zuia watoto, piga 999 au 112. Kichwa kilichokwisha pigwa ndicho cha kuogopwa zaidi: ukanda wake wa shaba nyekundu umechorwa mistari ya mtutu, maana yake kilizunguka, na fyuzi (vilipulizi vya kichwa) nyingi hujifungua kwa mzunguko huo. Kama hakikupasuka siku ile, huenda kinangoja kuguswa tu. Chumvi ya miaka themanini haikifanyi kuwa salama. Wanunuzi wa vyuma chakavu wasipelekewe kabisa. Moto na tindo vimeua watu.

Ganda tupu lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na mswaki laini. Ndimu, asidi na brashi ya waya vitakula hata kivuli cha herufi kilichobaki. Zima taa, mulika kitako kwa tochi kutoka ubavuni. Kisha weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa penseli. Mara nyingine herufi ambayo jicho halikuiona hujitokeza.

Isipojitokeza, kitako chenyewe kinasema. Kwa kalipa (kipimio chenye taya mbili), pima kipenyo cha ukingo wa kitako, kisha kipenyo cha tumbo juu kidogo ya mfereji unaozunguka ganda karibu na kitako.

Vipimo viwili vikilingana, karibu milimita 25, na ganda lina bega kali na shingo fupi, urefu ukiwa 110, hiyo ni Hispano, mzinga wa ndege za Uingereza kama Beaufighter. Ukingo ukiwa mdogo kuliko tumbo, kama 22 dhidi ya 25, ni ukoo wa mizinga ya Oerlikon. Hapa ndipo wengi hukosea: Oerlikon ya melini nayo ina urefu wa 110! Rula pekee haiwezi kuzitenganisha. Ya meli haina bega. Ubavu wake unapungua polepole kuelekea mdomoni. Kwenye ufuo wa bahari, tuhuma ya kwanza iwe hiyo. Jamaa zake za ndege ni fupi: 80 ya Wajerumani, 72 ya Wajapani.

Ukiona mkanda ulionyanyuka mbele ya mfereji, na urefu ni 138, ni ya mzinga wa ardhini wa kutungulia ndege, kama Breda ya Italia. Urefu wa 102 usio na mkanda si wa vita hivyo. Ni risasi ya ndege za jeti zilizokuja baadaye, zikiwemo F-5 za Kenya.

Ganda la milimita 12.7 lenye urefu wa 81 na ukingo uliozidi tumbo kidogo ndilo la Mwitalia. Udogo wake usikudanganye: baadhi ya vichwa vyake vilitiwa baruti ya kulipuka.

Kutu huanza mdomoni, ambako shaba ni nyembamba. Kwa hiyo 108 huenda ilikuwa 110, lakini 112 haikuwahi kuwa 110. Pima sehemu nne kuuzunguka mdomo; mdomo uliobonyea hutoa kipenyo cha uongo, basi pokea wastani wa pande mbili zinazokingamana. Gusisha na sumaku pia: ikishika, ganda ni la chuma, jambo la kawaida kwa risasi za Wajerumani.

Andika vipimo vyote pamoja na mahali hasa lilipopatikana, kina cha mchanga na vitu vilivyokuwa karibu. Piga picha mbili zenye rula: ya ubavu na ya kitako, kamera ikitazama moja kwa moja, maana picha ya mshazari hupotosha vipimo vya ganda.