Hisa za KenGen za 2006: jinsi ya kuzitafuta na kuzirejesha mkononi

Serikali ya Kenya ilipouza asilimia 30 ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, mwaka 2006, kwa shilingi 11.90 kila hisa, maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tatu. Watu wengi walipewa chini ya walizoomba, wakarudishiwa pesa zilizobaki, na karatasi zikaishia chini ya godoro au ndani ya Biblia. Kama wewe au mzazi wako alinunua na hakuuza, hisa hizo bado zipo, kwa kuwa hisa haina tarehe ya kuisha. Asilimia 70 ni ya serikali. Sehemu iliyobaki ni ya wananchi na taasisi, na anayemiliki hata hisa 500 ana sehemu yake katika kampuni inayozalisha umeme kwenye mabwawa ya Mto Tana, Masinga hadi Kiambere, kule Turkwel na Sondu Miriu, na kwenye visima vya mvuke vya Olkaria.

Kwanza, usiende ofisi za Kenya Power. Wengi hupoteza siku nzima huko. KenGen huzalisha umeme, Kenya Power huusambaza na kutoza bili. Ni kampuni mbili, na kila moja ina daftari lake la wenye hisa.

Tafuta namba ya akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayohifadhi hisa zako. Iko kwenye fomu ya maombi, kwenye barua za dalali wa hisa au kwenye taarifa za zamani, na ya Mkenya binafsi huwa na herufi LI. Ukiikosa, chukua kitambulisho kilichotumika wakati ule na uende kwa dalali aliyekuandikisha, uombe taarifa ya akaunti. Dalali akiwa amefunga biashara, usikate tamaa: hisa hazikuwa kabatini kwake. Kumbukumbu zinatunzwa na CDSC, kampuni inayoendesha akaunti za CDS, Nairobi, na huko utaelekezwa namna ya kuhamia kwa dalali mwingine mwenye leseni. Ukiwa na cheti cha karatasi, kitunze kama ushahidi, lakini uthibitisho wa umiliki sasa ni rekodi ya kielektroniki.

Taarifa ikitoka, isome safu kwa safu. Usiishie kwenye jumla. Hisa huru unaweza kuziuza. Zilizowekwa rehani huwezi, na hapa ndipo wengi hukwama: mwaka ule benki zilikopesha watu pesa za kununua hisa, mkopo ukalipwa, lakini hakuna aliyekumbuka kuondoa rehani. Omba benki barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, kisha hakikisha benki yenyewe imetuma maagizo ya kuziachilia. Barua ikibaki mfukoni mwako haibadilishi kitu kwenye mfumo.

Linganisha pia jina, herufi kwa herufi, na kitambulisho chako. “Mohamed” na “Mohammed” ni watu wawili machoni pa mfumo. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo iliyotiwa saini mbele ya wakili. Jina lililobadilishwa kabisa huhitaji hati rasmi ya kubadili jina.

Usishangae idadi ikiwa ile ile ya 2006. Mwaka 2016 kampuni iliwapa wenye hisa nafasi ya kununua hisa mbili mpya kwa kila moja waliyokuwa nayo, kwa shilingi 6.55. Mwenye 500 alitakiwa kulipa shilingi 6,550 ili apate 1,000 zaidi. Ambaye hakulipa alibaki na 500 zake. Hakuibiwa, ila sehemu yake katika kampuni ilipungua.

Mgao wa faida una njia yake. Huo hulipwa kupitia msajili wa hisa, ambaye jina na anwani yake zimo kwenye taarifa ya mwaka ya KenGen. Mpelekee akaunti ya benki au namba ya simu inayotumika leo. Kwa mwaka ulioishia Juni 2024 mgao ulikuwa senti 65 kwa hisa: mwenye hisa 1,000 alistahili shilingi 650, na mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5, akabaki na 617.50. Kwa asiye mkaazi kodi ni asilimia 15. Kuna miaka ambayo mgao haukutolewa kabisa, kwa hiyo usijumlishe tu miaka yote ukadhani unadaiwa.

Mgao usiodaiwa kwa miaka mitatu hupelekwa kwa UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Hisa zenyewe pia zinaweza kufika huko. Kudai ni bure. Anayekuomba “ada ya kufungulia faili” ni tapeli, hata akiwa na beji shingoni.

Mwenye hisa akiwa amefariki, kazi ni kubwa zaidi. Msipeane kitambulisho cha marehemu na kujaribu kuuza kimyakimya. Ni kosa, na akaunti itazuiwa. Mnahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, na hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kwa kawaida hati hiyo huthibitishwa baada ya miezi sita. Wakati wa kuorodhesha mali, andikeni wazi: KenGen, idadi ya hisa, namba ya CDS. Familia nyingi huandika shamba, nyumba na ng'ombe, hisa zikasahaulika, na hati ikishathibitishwa inabidi kurudi mahakamani kuirekebisha. Kwa hiyo ombeni taarifa ya CDS kabla ya kufungua kesi ya mirathi.

Kila mrithi atakayepokea hisa lazima awe na akaunti yake ya CDS. Uhamisho ukikamilika, aombe taarifa mpya siku hiyo hiyo ahesabu mwenyewe. Akiamua kuuza, malipo hukamilika siku tatu za kazi baada ya mauzo, na pesa ziingie kwenye akaunti yenye jina lake, wala si ya binamu aliyemsaidia kufuatilia.