Jinsi ya kupanga snapu ili safu nzima iondoke kwa pamoja, hata uwanja ukiwa na kelele

Mpwa wangu kapewa nafasi ya senta (anayeanzisha kila mchezo kwa kumpa kotabaki mpira) kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule yake huku Ohio, na jioni tatu mfululizo tumekuwa nyuma ya nyumba tukifanya snapu hadi giza likatufukuza. Msimu wa nne huu najitolea kufundisha safu ya mbele. Vijana wetu wengi wamekulia kwenye soka, wanadhani snapu ni kurudisha mpira nyuma katikati ya miguu, basi. Kazi kubwa ni kujua *lini*.

Hatua ya 1: Namba

Timu ikikusanyika kwenye mduara, kotabaki (anayepokea mpira na kuongoza shambulizi) anataja mchezo, yaani mpango wa shambulizi moja, kisha namba: "kwa moja" au "kwa mbili". Yaani mpira unaondoka kwenye mwito wa "hut" wa kwanza au wa pili.

Hatua ya 2: Kutulia

Wote 11 watulie sekunde moja kamili. Baada ya hapo mmoja tu anaweza kuwa anatembea, kwa ubavu au kurudi nyuma. Wa safu ya mbele akishaweka mkono chini, asiunyanyue. Akitikisika ni adhabu ya yadi 5. Saa ya sekunde 40 ya kuanzisha mchezo ikiisha, yadi 5 nyingine.

Hatua ya 3: Mwito

Umewahi kuona watu wakivuta jahazi pwani? Mmoja anaita "haaa-rambee", na nguvu zote zinakuja kwenye "mbee". Anayewahi anavuta peke yake. Mwito wa kotabaki ni huohuo, ila huku ng'ambo ya mpira kuna watu wanaotaka kuuiba, ndiyo maana unajazwa rangi na namba zisizo na maana. Januari 2014 Peyton Manning, kotabaki wa Denver, alipiga kelele "Omaha" mara 44 katika mechi moja dhidi ya timu ya Chargers.

Kotabaki akikazia sauti kwenye "hut" ya uongo, mlinzi mwenye pupa huvuka mstari. Kwenye NFL, ligi ya kulipwa, mara nyingi mchezo unaendelea, na kotabaki Aaron Rodgers amevuna sana hapo: anarusha mbali bila hofu, kwa sababu pasi ikiharibika zile yadi 5 za adhabu ya mlinzi anazo. Shuleni usijaribu. Mlinzi akivuka, mwamuzi anasimamisha mpira palepale.

Kuhusu kupiga makofi badala ya kuita: mimi sitaki. Kila mlinzi ana mikono miwili. Ndiyo, sheria zinamkataza kuiga ishara zenu ili awavuruge, lakini mwamuzi atajuaje nani kapiga?

Hatua ya 4: Hesabu ya kimya (hapa msiharakishe)

Super Bowl (fainali ya NFL) ya Februari 2, 2014, Denver na Seattle: mchezo wa kwanza kabisa wa Denver, Manning anasogea mbele kubadilisha maagizo, kelele zimetanda, senta Manny Ramirez anadhani ameitwa. Mpira ukampita Manning ukaishia nyuma ya mstari wao wa goli. Sekunde 12 tu, Seattle wana pointi 2. Waliishia kushinda 43–8. Redio ya kwenye helmeti isingesaidia: inaleta sauti ya kocha kwa kotabaki tu, na hukatwa saa ikibaki sekunde 15.

Kelele zikimeza mwito, mnahesabu kimya, na utaratibu ni huu. Gadi wa kulia (anayesimama ubavuni mwa senta) anageuza shingo kumtazama kotabaki. Kotabaki akiwa tayari anainua mguu. Gadi anarudisha uso mbele, anamgusa senta pajani. Senta anainua kichwa, anahesabu pigo moja, anatoa mpira. Wale wawili wa mwisho wa safu waangalie mpira tu.

Inaonekana rahisi. Sisi ilitula mazoezi mawili mazima, gadi akiondoka mapema kila mara, nami namfokea bure. Mwishowe nikarekodi kwa simu kutoka ubavuni, nikaicheza polepole. Kumbe gadi alikuwa anahesabu tangu alipomgusa senta, na senta anahesabu tangu alipoinua kichwa. Nusu pigo la tofauti! Dawa: gadi akishagusa, hesabu yake imefutwa. Anasubiri kichwa kama wenzake.

Halafu, kichwa kisiinuliwe kwa kushtuka. Mabega au mpira vikicheza, kitambaa cha njano cha mwamuzi hicho, yaani adhabu.

Halafu tena, mkitumia "kichwa kimoja" siku nzima, walinzi watawasoma kabla ya mapumziko. Kubalianeni kwenye mduara: kimoja, au viwili, yaani senta anainua, anashusha, anainua tena ndipo anahesabu. Saa ikibaki sekunde 5 sahauni viwili.

Mpwa wangu anahesabu "elfu moja" kimoyomoyo kwa Kiswahili, wenzake kwa Kiingereza. Sijali, mradi mdundo ni mmoja. Mdundo huo nawafundisha kwa kupiga ndoo. Wazo si langu: Gallaudet, chuo cha viziwi kule Washington, walikuwa na ngoma kubwa pembeni mwa uwanja, wachezaji wakihisi mtikisiko wake mwilini.

Hatua ya 5: Kelele

Kelele za uwanja wa Arrowhead, Kansas City, zilipimwa desibeli 142.2 mwaka 2014. Ninyi spika moja yenye besi inatosha, iwekwe karibu na senta. Fanyeni snapu 20, vichwa vimechanganywa. Akikosea mmoja, mnaanza upya. Sisi tumewahi kufika 17.